Mtoto Aliyebadilishwa kwa Farasi

Columbia Heights, Minnesota
20 Oktoba 1996

Mjomba wangu Elkanah,

Shikamoo. Na ya Bibi mfikishie kabla hujasoma mstari wa pili, maana najua ameketi hapo jikoni akimenya ndizi na kuuliza kama nimemsahau. Sijamsahau. Mimi ni mzima, nakula vizuri, ila lile koti tulilonunua Moshi limeshindwa vita na baridi ya huku. Jedidah amenipa jingine, nikilivaa natembea kama godoro. Jedidah ni yule dada Mkenya ninayeishi naye. Anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na jioni tukila ananisimulia habari zao mpaka nawajua kuliko walimu wangu. Nyie je? Ng'ombe amezaa? Goti la Bibi limetulia?

Jambo lenyewe ni hili. Katika somo la historia tumepewa riwaya ya zamani ya kupinga utumwa. Jina lake ni refu kuliko sala ya kufunga ibada, kwa hiyo sitaliandika. Inamhusu mtumwa aitwaye Prisila. Bwana wake, Gridli, ni mkatili, naye anamtamani farasi mweusi wa jirani. Huyo jirani ni mtu mpole, msomaji wa Biblia, hapendi ugomvi. Basi wanapatana: Gridli achukue farasi, jirani achukue mtoto wa Prisila. Wanapeana mikono, wanakunywa chai. Prisila anatoroka ndani ya pipa la unga ili amfuate mwanawe, na wanaomkimbiza wanapomwona ametoka mweupe pe wanadhani ni mzimu, wanakimbia wao. Lakini mtoto hampati. Ukurasa wa mwisho bado anauliza nyumba kwa nyumba. Nililia ndani ya basi mpaka abiria mwenzangu akanipa karatasi ya kupangusia pua.

Mwalimu wetu anasema kabla ya kitabu hicho watu wengi wa kaskazini waliuona utumwa kama mvua inayonyesha kijiji cha mbali. Kilipotoka, kilisomwa mezani kwa sauti, kikaigizwa kwenye kumbi, watu wakalia, ndugu wakakosana. Watetezi wa utumwa nao wakaandika riwaya zao ambamo watumwa wanacheka tangu ukurasa wa kwanza. Kitabu hakikupiga kura, alisema, lakini kilimnyima usingizi mpiga kura.

Sasa, ushirika wetu wa Waafrika Mashariki husali chini kwenye kanisa la Wazungu, wao juu, sisi chini. Wametuomba tuandae kitu cha pamoja mwezi wa Februari, ambao Wamarekani hukumbuka historia ya watu weusi. Nikanyoosha mkono nikasema tuigize kitabu hiki. Ulinifundisha nifikiri kabla ya kunyoosha mkono, nami sikufikiri. Nimefanywa mwongozaji wa maigizo.

Jioni hiyo Nahashon alinirudisha kwa gari lake. Ni kijana wa Kisii, anasomea uuguzi, mpole, ndiye huosha vikombe vyote baada ya ibada. Amesema maigizo ni wazo zuri. Hakuna zaidi la kusema juu yake.

Mpwa wako,
Haika

Machame
24 Novemba 1996

Haika mpwa wangu,

Marahaba, na Bibi ameitikia mara mbili, moja ya akiba. Sisi tunaamka na tunalala, ndiyo afya. Ng'ombe amezaa dume, kwa hiyo tumempongeza bila furaha. Goti la Bibi linauma akitumwa, halimuumi akienda mwenyewe.

Barua yako niliisoma kwa sauti jikoni kama kawaida, na majirani walikuwepo. Nilipofika pale kwa farasi na mtoto, Bibi aliweka kisu chini. Nilipomaliza akauliza mtoto yuko wapi. Nikamwambia kitabu hakisemi. Akasema basi huyo mwandishi hajamaliza kazi yake. Usiku alisikika akizungumza peke yake, na asubuhi majirani walirudi kuuliza kama kuna habari mpya ya mtoto. Mimi nimefundisha shule miaka mingi na sijawahi kuona watu wakirudi asubuhi kwa hiari yao kwa ajili ya somo.

Ushauri wangu: sehemu ya Gridli mpe mtu mwenye moyo mgumu, maana mtu laini ataiharibu.

Umeandika kwamba hakuna zaidi la kusema juu ya huyo Nahashon, baada ya kulisema kwa aya nzima. Je, ana wazazi?

Mjomba wako,
Mwl. Elkanah

Columbia Heights
12 Januari 1997

Mjomba mpendwa,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya kwenu wote, pamoja na dume la ng'ombe ambalo halina kosa. Hapa theluji imefika kwenye madirisha. Juzi nilitoka kwenda kituo cha basi na kope zangu zikagandamana. Jedidah anawasalimu, amepandishwa kazini, na sauti yake nayo imepanda.

Mazoezi yanaendelea kwa shida. Wanawake wote walitaka kuwa Prisila. Tumempa Jedidah kwa sababu anaweza kulia wakati wowote umwambiapo. Mzee Wanjohi, mwenyekiti wa ushirika wetu, mhasibu, mwenye nyumba nzuri kando ya mto huko Champlin, aliitaka sehemu ya yule jirani mpole. Anavaa koti lake zuri, anakunywa chai jukwaani, anasema asante, anaondoka. Amesema inamfaa mtu wa umri wake.

Gridli hakuna aliyemtaka. Tukasema huyu ni Mzungu, basi tukawaombe Wazungu wa juu. Mjomba, watu wa Minnesota ni afadhali waoge kwenye mto mwezi huu kuliko mtu awaone hawana adabu. Kila tuliyemwomba alikumbuka safari. Mwishowe akakubali Rodney, daktari wa meno aliyestaafu. Siku ya kwanza ilimpasa ampokonye Jedidah mtoto. Akamsogelea, akamuuliza kwanza kama huo ulikuwa wakati mzuri kwake. Alipopewa kiboko akakishika kama mtu aliyeokota nyoka, akakiweka mezani, akaenda kuuliza nani anahitaji kahawa. Siku ya pili alileta keki za mraba alizooka mkewe, akawagawia watumwa kwanza. Jedidah akaniambia, "Haika, huyu bwana akininunua mimi sitoroki. Hata pipa siingii."

Basi Nahashon, aliyekuwa anaosha vikombe, akasema taratibu kwamba atajaribu. Akafuta mikono, akapanda jukwaani, akafungua kinywa. Sijui ile sauti aliitoa wapi. Mzee Wanjohi alidondosha kikombe chake cha chai, na si kwenye mchezo.

Rodney tumempa sehemu ya farasi. Kichwa ni cha boksi, mwili ni blanketi. Amefurahi mno. Anasema farasi hamuumizi mtu.

Ulizo lako nimeliona. Hali ya hewa ya wiki ijayo inasemekana itakuwa mbaya zaidi.

Haika

Columbia Heights
24 Februari 1997

Mjomba,

Shikamoo, shikamoo na kwa Bibi. Naandika haraka, barua yako ya Krismasi haijafika, najua ipo njiani.

Yametokea mambo. Jumamosi, mbele ya watu wote, Nahashon alimpokonya Jedidah mtoto, akamwangusha sakafuni, akamwinua kwa mguu mmoja, akambadilisha kwa farasi. Watu walipiga kelele. Wengine walilia mpaka wakatolewa nje. Ngoja nikueleze ilivyokuwa.

Mwanasesere tuliyemnunua Roseville alisahaulika nyumbani, na theluji ilikuwa inamwagika, hakuna wa kurudi kumchukua. Kwenye friji la jikoni kanisani kulikuwa na bata mzinga mzima, amegandishwa. Jedidah alimfunga kwenye kanga na uzito ukawa ule ule wa mtoto. Mikono ilimuuma kwa baridi, kwa hiyo machozi yake yalikuwa ya kweli. Nahashon alipovuta, bata akateleza, akaanguka jukwaani kwa kishindo kama jiwe. Mama Chepkemoi, mama mzee wa Kericho aliyekuja kumsaidia binti yake aliyejifungua, akasimama na mkoba wake kumwendea Nahashon. Mwingine yeyote angecheka. Nahashon alimwinua yule mtoto kwa mguu, akamtazama, akasema, "Bado ni mzima. Nipe farasi wangu."

Mjomba, nimesoma kitabu kile na kuandika insha juu yake, lakini nadhani nilikielewa pale. Watu mia na zaidi walimchukia mtu mmoja kwa pumzi moja, wa juu na wa chini pamoja. Mzee Wanjohi alimpokea mtoto vizuri, akashukuru, akamtoa nje. Walimpigia makofi.

Shida imeanza jana. Baada ya ibada Nahashon alisogea kupokea chai na waliopanga foleni wakajipanga upande mwingine. Yeye ndiye huwa anawasha magari ya watu yakigandishwa na baridi, ana nyaya zake. Gari ambalo Mama Chepkemoi aliazimwa na binti yake lilikataa kuwaka. Nahashon akaja na nyaya. Mama akafunga mlango, akasema afadhali alale hapo. Tulimweleza kwamba ni maigizo. Akasema anajua, lakini mtu hawezi kutoa kitu ambacho hakimo ndani yake. Mzee Wanjohi naye ameshauri Nahashon apumzike kupitisha kikapu cha sadaka, mpaka watu watulie. Alisema kwa upole sana.

Nahashon aliosha vikombe.

Haika

Machame
23 Machi 1997

Haika,

Marahaba. Wote wazima. Mvua zimeanza, kahawa imetoa maua, mkutano wa ushirika wa wakulima uliahirishwa kwa sababu mwenyekiti alikuwa na harusi.

Barua yako ilifika Alhamisi. Niliisoma kwa sauti jikoni. Bibi alisikiliza mwanzo, kisha ng'ombe akalia, akatoka kumpelekea majani, hakurudi mpaka nilipokwisha kumaliza.

Ijumaa walikuja wageni. Wakarudi.

Nakushauri ushike sana masomo. Katika lugha yako nimeona umeandika "foleni wakajipanga upande mwingine", sentensi haisimami. Nimegundua pia kwamba watu wa Kisii ni wepesi sana wa mbio, hata wenye umri.

Siku njema.

Mwl. Elkanah

Columbia Heights
20 Aprili 1997

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Theluji imeyeyuka yote kwa pamoja na mto umejaa mpaka bustani ya Mzee Wanjohi imegeuka bwawa. Sisi tupo salama. Jedidah anawasalimu.

Nahashon amepigiwa simu kutoka Kisii. Kwa hiyo ninajua wageni walikuwa nani. Ni baba yake mdogo na kaka wa mama yake. Nahashon aliwaandikia mwezi wa Januari, akawaeleza kuna msichana wa Machame ambaye angependa wazee wamfahamu. Aliwaambia wasubiri mpaka aseme. Hawakusubiri. Walipanda basi na mkungu wa ndizi. Mjomba, mtu kupeleka ndizi Machame. Ningewaambia, lakini sikujua. Walisimama mlangoni wakajitambulisha kuwa ni watu wa Nahashon. Bibi akauliza ni Nahashon yupi, yule wa Minnesota mwenye farasi? Baba mdogo hakujua habari ya farasi, lakini aliona ni sifa, akasema ndiye huyo huyo. Wanasema ufagio ulikuwa wa chelewa. Kiatu kimoja kilibaki katikati ya migomba.

Wewe ulikuwa wapi, Mjomba? Wanasema kuna mzee aliyechungulia dirishani.

Ndiyo. Ndiye. Uliniuliza kama ana wazazi nikakuandikia habari za hewa. Baba yake alifariki, mama yake anafundisha shule ya msingi. Nampenda. Hapo nimeandika, na nimetumia wino.

Huku mambo si mazuri. Wiki ya Pasaka walitafutwa watu wa kubeba viti, akajitolea, wakasema viti vimetosha. Amenieleza kwamba anafikiria kuhamia kanisa la mbali ambako hakuna aliyeona. Nilikasirika nikataka kutoa hotuba. Rodney akanizuia. Alinikuta jikoni, akaniuliza kama ananiudhi, nikasema hapana, akaniuliza tena, ndipo akasema lililomleta. Alikuwa ndani ya lile boksi, anaona kwa tundu za macho, na tangu siku ile kuna jambo linamkera. Kila mtu anamchukia aliyemtoa mtoto. Hakuna anayemuuliza kitu aliyempokea. Yule jirani alikuwa na farasi anayetakiwa. Angesema hapana, mtoto angebaki na mama yake. Hakupaza sauti, hakumgusa mtu, alishukuru akaenda zake, na sisi tukampigia makofi. Rodney akasema, "Mimi nilikataa kuwa Gridli kwa sababu sifanani naye. Ninayefanana naye ni yule mwingine."

Kisha akaomba radhi kwa kunichukulia muda.

Naomba umsomee Bibi ukurasa huu, na ng'ombe awe amekwisha kula.

Haika

Machame
25 Mei 1997

Haika mpwa wangu,

Marahaba kwa moyo wote. Tupo.

Nilikuwa dirishani. Ningetoka, lakini Bibi akiwa na ufagio hata marehemu babu yako alikuwa anasubiri. Nimewaandikia wazee wa Kisii barua ya kuomba radhi, kwa Kiswahili nilichokisahihisha mara kadhaa, na kiatu nimekituma kwa mtu wa basi, kimepakwa rangi.

Bibi nilimkalisha, nikamsomea barua zote tangu mwanzo, taratibu, pamoja na bata mzinga. Bata mzinga hajawahi kumwona, nilimchorea. Alicheka mpaka goti likamuuma kweli. Akasema kijana anayeweza kumwinua kuku wa barafu kwa mguu bila kucheka ana uvumilivu wa ndoa. Kwa hiyo huko kwa Nahashon njia ni nyeupe.

Ila nilipofika kwenye maneno ya Rodney, aliacha kucheka. Majirani nao. Kisha maneno yakaanza, na sasa hali imegeuka kwa namna ambayo sikuitarajia. Kuanzia Jumapili wote wamemgeukia yule jirani mpole, na kwa kuwa umeeleza nani aliigiza, wanamtaja kwa jina. Kule kisimani, baada ya kanisa, kwenye mnada wa ndizi, ni Mzee Wanjohi, Mzee Wanjohi. Nimejaribu kueleza kwamba ni mhasibu tu. Nadhani nimezidisha ubaya.

Bahati nzuri yeye yupo Marekani.

Mwl. Elkanah

Columbia Heights
8 Juni 1997

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako bado haijafika, nami nina habari njema siwezi kuisubiri.

Mwezi uliopita kanisa moja la Roseville lilituomba tuigize tena. Nikabadilisha mwisho. Jirani mpole akishampokea mtoto, asitoke kwa mlango wa nyuma, apite katikati ya watu akiwa amemshika mkono. Safari hii tulimpata binti wa kumwigiza. Mzee Wanjohi akapita kwenye viti akiwasalimia watu mmoja mmoja, habari ya jioni, habari ya jioni, na watu wakampa mikono huku wakitabasamu. Walikuwa wamefika nusu ya ukumbi ndipo mama mmoja alipoushika mkono wake halafu akamwangalia mtoto, akauachia. Wa pili yake akaficha wake. Alipofika mlangoni hakuna aliyekuwa anatabasamu, na hakuna aliyepiga makofi.

Jumapili iliyofuata Mama Chepkemoi alimwita Nahashon aje atazame lile gari la binti yake. Gari lilikuwa linawaka vizuri kabisa, nililisikia. Nahashon akalikagua nusu saa.

Mzee Wanjohi alijitia kucheka na kusema sasa ni zamu yake. Lakini baada ya siku chache alimpigia Nahashon simu, akamrudishia kikapu cha sadaka, na alipopata habari za wazee waliofukuzwa akasema yeye ndiye atakayekuwa mshenga. Anakwenda Nyeri likizo, atavuka mpaka na kuja Machame mwenyewe katikati ya Julai. Hakuna mtu mwenye heshima kuliko yeye. Bibi atampenda.

Haika

Columbia Heights
21 Juni 1997

Mjomba,

Barua yako imefika sasa hivi. Mzee Wanjohi yupo ndegeni. Ficheni ufagio.

H.

Machame
20 Julai 1997

Haika mpwa wangu,

Marahaba zote unazonidai, chukua. Sisi ni wazima na mgeni aliondoka mzima, nakueleza mapema ili usome kwa utulivu.

Alikuja Jumamosi ya tarehe 12 kwa gari la kukodi kutoka Moshi, amevaa suti, amenyoa, ameshika kofia mkononi. Habari ilikuwa imemtangulia. Watu walijipanga kwenye ua kuanzia barabarani hadi mlangoni, hakuna aliyemtukana, waliangalia tu. Nilimwona akiwapungia mkono. Hakuna aliyepunga.

Ufagio nilikuwa nimeufungia stoo. Haukuhitajika. Bibi alimpokea vizuri, akampa kiti chenye mto, akamwekea kibakuli cha mtori wa ndizi. Mgeni alianza hotuba ya mshenga, nzuri sana, ameiandaa. Bibi akamwacha amalize. Kisha, kabla hajashika kijiko, akamuuliza, "Yule mtoto uliyemchukua, ulimpeleka wapi?"

Mzee Wanjohi akacheka. Alipoona anacheka peke yake, akasema, "Mama, hiyo ilikuwa drama tu. Tulikuwa tuna-act."

Bibi akasema anajua, mjukuu wake ameeleza vizuri, hata picha ya kuku ameiona. Anachouliza ni mtoto alipelekwa wapi.

Mgeni akasema kitabu hakisemi. Bibi akasema, "Kitabu hakimjui, lakini wewe ulikuwa umemshika mkono."

Haika, nimekaa na watu wengi wakubwa wakiulizwa maswali. Huwa wanajibu haraka. Huyu hapana. Mtori ukapoa, na kule nje kwenye ua palikuwa kimya hata kuku walisikika. Alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Halafu akasema kwa sauti ndogo, si ile ya hotuba, "Sikumwangalia, mama. Mara mbili nimeigiza, sikumwangalia usoni hata mara moja. Mimi nilikuwa namhurumia farasi. Nilikuwa nawaza anakwenda kwa mtu mbaya."

Hakuna aliyecheka. Bibi akakichukua kile kibakuli, akakirudisha jikoni, akakipasha moto, akamwekea upya. Akamwambia ale, mtu akisema kweli haachwi na njaa. Kisha akasema posa imepokelewa, kijana aje mwenyewe mwezi wa Desemba na wale wazee wake, na yeye Bibi atawapokea getini kwa mikono mitupu. Mzee Wanjohi alikula vibakuli viwili. Alipoondoka, watu wa kwenye ua walimpa mikono, naye alikuwa anamwangalia kila mmoja usoni kwa muda mrefu mpaka dereva akapiga honi.

Hongera basi, mwanangu. Ungeniambia Oktoba, tungekuwa tumepunguza mbio.

Nimalizie na jambo moja. Unamfahamu Mzee Yohane wa upande wa pili wa mfereji, mzee wa kanisa, mtu mpole ambaye hatujawahi kumsikia akigombana na mtu. Wewe ulikuwa umeshaondoka alipomleta nyumbani kwake msichana aitwaye Laurencia, wa kuchunga na kuchota maji. Mama yake yupo kule tambarare. Yohane aliwapa watu wa kwao ndama, wao wakampa binti. Tulijua sote. Mimi mwenyewe, mwalimu, nilipita pale kila asubuhi ya shule nikamwona na ndoo, nikamsalimia Yohane.

Siku ya mgeni Yohane alikuwa kwenye ua pamoja na wengine. Aliondoka kabla ya chakula. Jumatatu asubuhi nilimkuta kituoni, amevaa koti la kanisani, amebeba begi la msichana. Nikamuuliza safari ya wapi. Aliinama akamuuliza Laurencia kama anaikumbuka njia ya kwao, na mtoto akasema anaikumbuka.

Mjomba wako,
Elkanah